Hakulia

Kinasa sauti kililetwa na mtafiti ndani ya bahasha ya kaki,
kidogo, chepesi, kama kiberiti kilichobaki njiti tatu,
na ndani yake wanawake hamsini na wawili.
"Ijumaa," akasema, "nipate maandishi yote."
Akashuka ngazi kabla sijataja bei ya ukurasa.

Zamani nilikuwa na kanda, na pedali chini ya meza:
kanyaga irudi, kanyaga isonge,
kiatu cha kulia kikalika upesi kuliko mwenzake.
Sasa nina programu isikiayo ikaandika.
Ila inanisikia mimi tu.
Niliisomea robo saa, habari za mvua na bei ya unga,
hadi ikanizoea kama mbwa wa jirani.
Sauti nyingine zote kwake ni mawe juu ya mabati.

Basi nafunga dirisha la upande wa Barabara ya Juja,
navaa visikizi. Wao wanasema sikioni,
nami nasema baada yao, nyuma kidogo,
kama mtu anayefuatisha sala asiyoijua.
*Nilikuwa na mimba ya miezi minane.*
Mimi, Nzioki, ndevu mpaka kifuani.
*Miguu ilivimba nikawa navaa ndara za mume wangu.*
Mashine inaandika bila kushangaa.

Makosa yapo. Uchungu ulianza saa tisa:
yenyewe ikaandika chungu kilianza saa tisa.
Kondo la nyuma likawa kondoo wa nyuma,
nikacheka peke yangu, nikaona haya.

Faili ya arobaini na saba. Mwanamke hana haraka.
Nyuma yake jogoo, sufuria, mtu anadai chenji.
Halafu: *Mtoto hakulia.*
Nikasema, mtoto hakulia.
Mashine: Mtoto kulia.
Kama anayeelekeza gari.
Nikafuta. Nikasogeza maikrofoni.
Mtoto kulia.
Nikapandisha sauti, nikaikata silabi kama muwa:
Ha. Ku. Lia.
Hakulia! Mtoto hakulia! Hakulia!

Kuta za Pangani ni karatasi iliyopakwa rangi.
Mlango ukagongwa.
Bi Syombua wa mlango wa pili, ambaye miaka sita
tumesalimiana kwa habari za maji tu,
yamekuja? bado,
kasimama na chupa ya chai, vikombe viwili,
leso kaifunga ovyo, kwa haraka.
"Pole," akasema. "Sikujua hata kama una mke."

Nilimwonyesha skrini. Nilieleza:
hii ni kazi, mama, maneno ni ya watu,
mimi ni mrija, yanapita tu.
Akasikiliza yote. Akamimina chai vilevile.
"Wangu naye," akasema.
"Pumwani. Kitanda cha mwisho, kushoto.
Sijawahi kumwambia mtu kwa sauti.
Nilipokusikia, nikadhani unanisemea."

Nikageuka. Maikrofoni ilikuwa bado wazi,
na chini ya Mtoto kulia, yule mbwa
alikuwa ameyabweka maneno yake:
*wa ngano. pua nani. kitanda kwisha kushona*
Nikazima. Nikachomoa na waya.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno.
Alikaa mpaka taa za barabarani zikawaka,
akisema, akiacha, akisema,
na jogoo wa faili ya arobaini na saba
akaendelea kuwika ndani ya visikizi, mezani,
mdogo kama sisimizi.

Ijumaa nilipeleka kurasa mia mbili na kumi.
*Mtoto hakulia* niliandika kwa vidole, herufi moja moja.
Mtafiti akauliza kwa nini chini yake
kuna mistari mitatu mitupu.
Nikamwambia betri iliisha.