Macho ya Nanasi

Kamanga, kivuko hakijagusa gati,
Minza anamenya mananasi ya Sengerema
bila kuyatazama. Kisu chake
hakifuati ganda, kinafuata macho,
mshazari, kama ngazi izungukayo mnara.

Mimi niliyefeli hesabu kidato cha pili
nilihesabu siku moja, mvua ikinizuia:
mistari minane ikipanda kushoto,
kumi na mitatu ikisimama kulia,
na mitano imelala, ukiinamisha kichwa.
Tano na nane, kumi na tatu.
Nikachukua jingine. Vilevile.
La tatu, lililopinda shingo.
Vilevile.

"Minza, nani aliyafundisha?"
Akacheka, mkono usisimame.
"Utanunua, au umekuja kusahihisha?"

Nikanunua kipande, chumvi na pilipili juu.

Usiku nikafungua daftari la madeni ya duka:
Lushinge, sukari robo.
Mama Ng'washi, sabuni, na sabuni tena.
Nikajumlisha mara tatu,
nikapata majibu matatu.
Nje ziwa lilikuwa likigonga mawe,
dogo, dogo, kubwa,
halikosei, wala halina kalamu.

Nilipotaka kugeuza ukurasa
ulikataa:
umegandana na mwenzake
kwa utamu wa vidole vyangu.