Kibao cha Hamsini

Sabini na tatu, ilisema mashine
mkononi mwa Konstebo Nyamweya
aliyechomoza majanini kama mtu aliyekwenda haja.
Saa kumi na moja na robo alfajiri,
njia ya Mambrui, karibu na daraja la Sabaki,
mimi na boflo mia mbili na arubaini
zingali na joto la tanuri;
na boflo ikipoa, muulize yeyote Gongoni,
hushuka bei kabla hujashuka garini.

Afande, nikamwambia, huu ni mtego.
Kibao hakionekani.
Akautazama mti, akanitazama.
Kibao kipo, mzee.
Kisha tukanyamaza, na katika kimya kile
chai ikachemka bila jiko.
Nilikuwa na mia mbili mfukoni mwa shati.
Sikuitoa. Msinisifu:
ilikuwa hasira, si uadilifu.

Wiki mbili nzima nikawa wakili wangu mwenyewe,
kinyozini, gengeni, barazani pa msikiti:
mtego wa panya, jamani,
huingia waliokuwemo na wasiokuwemo!
Nikaitikiwa. Kumbe kila mtu ana polisi wake
aliyejificha nyuma ya kitu.
Wa Shekuwe, lori la chumvi.
Wa mwalimu Dzame, banda la madafu.
Hinzano wa tuktuk akaapa wake alitoka jenezani;
huyo tulimpa kahawa anyamaze.
Esha peke yake, mikono ndani ya unga,
hakuinua kichwa:
Na mafuta nayo, waliyakanyaga wao?
Nikamwambia aangalie hamira yake.

Mahakamani Malindi nilikwenda na picha,
nimezisafishisha studio, kubwa kama sahani:
mkilifi umekilalia kibao,
kimebaki kipande cha sifuri
kama jicho la mtu anayechungulia.
Hakimu akazipokea, akavua miwani, akaivaa tena.
Konstebo, ulijua kibao kimefunikwa?
Ndiyo, mheshimiwa.
Na ukakaa papo hapo?
Palikuwa na kivuli, mheshimiwa.
Alfajiri?
Ukumbi ukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote,
nikaanza kuhesabu boflo za kesho.
Hakimu akanigeukia na picha ileile.
Na mti huu, mshtakiwa, ni wa nani?

Wa baba yangu. Yaani wangu.
Aliupanda kwa ajili ya homa zetu, tukanywa uchungu wake
mpaka tukaacha kukunja nyuso.
Ua ni wangu, tawi lililovuka ua ni langu,
na Machi waliniletea barua niukate,
nikaiwashia tanuri.
Siku walipokichimbia kile kibao
niliwapelekea wale vijana maji ya mtungi,
nikasimama nikakisoma kwa sauti,
hamsini,
kama mtoto anayefundishwa tarakimu.

Elfu tano. Na konstebo akaandikiwa barua
kwa mkubwa wake, ambayo huenda nayo
imeshawasha jiko mahali.

Jumapili nikaegemeza ngazi.
Chini ya mkilifi palikuwa na jiwe
lililolainika kwa kukaliwa,
na karatasi ya boflo, ina muhuri wangu wa buluu,
imekunjwa vizuri kama risiti.
Nikaitia mfukoni. Sikujua nikasirike au nishukuru.
Nikakata. Tano ikatoka, kisha tumbo la sifuri.
Likabaki tawi moja, la upande wa daraja,
jembamba, lisilomdhuru mtu.
Nikalitazama muda mrefu.
Siku nitakayochelewa, litanitetea.

Nikashuka ngazi.
Nikalifuta panga, nikaliweka kando ya ndoo.
Lori la chumvi likapita, likapunguza mwendo, likaongeza.
Nikapanda tena.