Pengo la Chonge

Miaka thelathini na mmoja nilikata uzi kwa jino la chonge, la kushoto,
kiwandani kule Pécs, tulikoshona glavu za ngozi ya mwanambuzi.
Mkasi ulikuwapo, umefungwa kwa kamba mguuni pa meza,
lakini nani angeungoja mkasi
na hesabu ya jozi inasomwa saa nane kamili?

Jumatatu Daktari Szilárd akaling'oa.
Ganzi, koleo, mlio wa barafu inayopasuka ndooni,
kisha sahani ya bati: ti.
Nililiomba. Nimelilaza ndani ya kastabini yangu,
limeenea kana kwamba lilipimiwa.

Leo Alhamisi nimerudi kupigwa mwanga.
Nesi Bogárka ananivika miwani ya mchomea vyuma,
anashika kijiti chembamba kuliko kalamu,
anakiegemeza ufizini.
"Dakika moja. Usiongee."
Mimi! Nisiongee!

Nilijiandaa kwa moto.
Sikuhisi hata uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa dirishani.
Nilipotoka nikauliza habari ya lile tone jekundu kwenye kioo.
Hilo la kuonyesha njia tu, akasema;
nuru yenyewe ya kazi haionekani kwa macho.

"Na inashona?"
Akacheka. "Haishoni, Mama Etelka.
Inaziamsha seli. Zinazoshona ni zenyewe."

Hapo nikaelewa.
Zamu ya usiku, msimamizi akivuta swichi:
taa ile haikuwahi kushona hata kidole gumba kimoja,
ila shingo zetu zote ziliinama pamoja.

Daktari hakunidanganya.
"Kuna wanaonufaika, kuna ambao sioni tofauti.
Mfupa una mwendo wake. Tutapiga picha mwezi wa tatu."
Nampenda mtu anayejua mwisho wa kipimo chake.
Baadaye atanipa jino la kauri; nami najua,
jino la pembe si dawa ya pengo.

Usiku ulimi unakwenda kuchungulia shimo,
unakuta donge la damu, laini, limekaa kama mlinzi,
na chini yake, labda, mtu kaketi kazini.

Kifungo cha koti kimedondoka.
Nikakishona, nikapiga fundo, nikapeleka uzi mdomoni
upande uleule,
nikauma.
Uzi ukapita hewani.

Nikainuka kutafuta mkasi.