Pima Kumi na Moja

Yadini, Kwa Mchina, magari mawili yamenikodolea macho:
moja la fedha, moja jeupe kama jino la bandia.
Yote mseto, moyo wa petroli na moyo wa betri,
wake wenza ndani ya boneti moja.
Katika la fedha wenza hulishana wenyewe:
ukikanyaga breki, huyu humtilia mwenziwe kijiko.
Jeupe lina kitundu ubavuni,
lataka kuchomekwa ukutani kama simu,
ndipo litembee kilomita arubaini bila kugusa tangi.

Subeit, dalali, kanifungulia mlango.
Gari likanisalimia kwa Kijapani.
Nikaitikia, "Marahaba."
"Hilo ndilo la kisasa, daktari."
Mie si daktari, napima damu maabara ya Kivunge,
lakini dalali humpandisha mtu cheo
kabla ya kumpandishia bei.

Pesa nusu ni za Msellem, yuko Salala,
nusu ni zangu za upatu.
Nikampelekea picha. Usiku kajibu kwa ubeti,
maana akiwa mbali ndipo hukumbuka kuwa kwao Wete:

    Nunua la kuchomeka, usiyakhofu mafuta
    Jua likishatoweka, umeme litauvuta
    Asubuhi ukitoka, kimya kama unanyata
    Vituo utavicheka, foleni hutoipata

Mtu anayelala kambini kwa jenereta la kampuni,
umeme kwake ni hewa.
Mie tukuza ikibaki yuniti tatu nazima friji.

Hata hivyo sikumpuuza.
Jumamosi, Michenzani, ghorofa ya nne,
niliteremsha kamba dirisha la jikoni,
fundo kila pima.
Ghorofa ya tatu ikagusa suruali za watu.
Ya pili, Bi Mize akaidaka:
"Nani ananivua kama samaki?"
Nikamwambia ni njia ya waya, wa gari, Mungu akijaalia.
"Waya upite kwangu, haya. Na moto ukipita?"
Chini wajukuu zake washaigeuza pembea.
Hadi pale gari lingelala: pima kumi na moja.
Na pini yenyewe, meno mawili bapa,
haiingii soketi yangu.

Nikakaa ngazini, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya vipimo.
Jeupe lingefika Kivunge likihema, umeme kwisha;
kurudi ni petroli tupu,
na betri nzito mgongoni kama mgeni asiyeaga.
Ningekuwa Fuoni, na ua wangu, nisingekuwa na neno.
Gari si baya. Sina ukuta tu.

    Ghorofa ya nne nyumba, gari chini uwanjani
    Soketi siwezi omba, kwa jirani wa dukani
    Nishushe waya kwa kamba, upite madirishani
    Mvua ikija tamba, ataungua ni nani?

Siku mbili kimya.
Kisha neno moja, halina kina wala mizani:
"Lichukue."
Hakusema lipi.
Mie nilielewa la fedha.

Sasa kila alfajiri njia ya Mahonda,
kila tuta, kila mbuzi anayevuka bila haraka
nauombea dua:
nikifunga breki, mshale wa kijani
hutambaa kwenye kioo kuelekea betri.
Gari langu hula likisimama.
Nami hupata pumzi hapo hapo, mguu juu ya breki,
mbuzi ananitazama, namtazama,
foleni nyuma yangu inapiga honi.

Kamba nilitaka kuikunja, Bi Mize akakataa.
Magharibi kijana wa boflo hufunga mfuko chini, navuta.
Ghorofa ya pili mkono hutoka, hutwaa wake,
uliobaki hupanda kwangu, bado moto.

Jana alitwaa miwili.