Kadi Inayotaka Kuangaliwa

Ghala la jibini, Kärdla, saa tisa usiku.
Nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ndani kumi na mbili, maana jibini haipendi joto
wala haipendi nikohoe.

Nimejenga daraja. Si la mbao wala zege:
kadi mbili ndani ya kisanduku kimoja,
moja yatazama ofisini, moja yatazama vipimajoto vya rafuni.
Kila pakiti ipite, isiulizwe jina.
Daraja halichagui mguu.

Lakini ng'ambo, kimya.
Taa ya kijani inakonyeza kama mtu mwenye siri.
Heldur amekalia ndoo aliyoipindua,
anakata mkate mweusi kwa kisu cha kazi.
"Imekufa, Liivi?"
Haijafa. Nabadilisha kebo. Nabadilisha tundu.
Naitukana swichi, kisha naiomba radhi.

Nikawasha kinasa, nizione pakiti kwa macho yangu,
na zikaja! Mbiombio, zote:
rafu ya kwanza, kumi na moja nukta nne,
rafu ya tisa, kumi na mbili kamili.
Heldur akajipiga kofi la goti.
Nikazima kinasa.
Kimya.

Nikawasha, zikaja.
Nikazima, zikakatika.
Mara sita, hata mzee akacheka:
"Urmas wangu alikuwa hivyohivyo.
Ukimwangalia, anafagia."

Hapo ndipo nilipoona.
Kadi hupokea barua zenye jina lake, za jirani huzitupa;
adabu njema popote, isipokuwa darajani.
Daraja humwambia dereva: zibua masikio, pokea za wote.
Dereva huitika naam,
halafu hulala.
Kinasa changu ndicho kilichokuwa kikimfinya.

"Basi kiache kikiwaka," asema Heldur.
Hadi lini? Nani atakesha na kadi
kama na mtoto mwenye homa?

Dirishani, palipo na mtandao wa simu wa vijiti viwili,
nikashusha dereva mpya, kwa mwendo wa asali ya baridi.
Nikamfukuza yule wa zamani bila kiinua mgongo.
Nikawasha mashine. Kinasa sikukigusa.

Sikuthubutu hata kutazama kioo.
Nikageukia ukuta, nikafumba macho,
nikahesabu hadi arobaini,
na nyuma yangu, mdomo umejaa mkate,
Heldur akaanza kusoma:
"Rafu ya kwanza, kumi na moja nukta nne.
Ya pili..."