Mshika Ngazi

Vencelj Kobal tumemzika Jumanne,
theluji ya Machi bado imeng'ang'ania kivuli cha kanisa
na udongo mgumu, hata Drejc mchimbaji akaomba shoka.
Padri alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli.
Ngazi hakuitaja.

Ilikuwa na vipandio kumi na saba.
Cha tisa kilivunjika mwaka wa mafuriko,
akakifunga kwa waya wa zizi,
na tangu hapo kila mpandaji aliambiwa,
"Cha tisa kisalimie tu, usikikanyage."
Hata watoto wa bondeni walijifunza kuhesabu hivyo:
saba, nane, salimia, kumi.

Nani hapa hakuiazima?
Kwa cheri za Juni, kwa dohani za Oktoba,
kwa vigae vilivyong'olewa na upepo wa mlimani,
kwa paka wa Bi Zofka, ambaye hakutaka kuokolewa
na akaiandika nia yake usoni mwa Drejc.
Ukibisha kwa Vencelj kuomba ngazi
hukupewa ngazi peke yake.
Alivaa kofia, akashika upande wa mbele,
wewe nyuma,
mkapita barabarani kama wachukuzi wa jeneza lisilo na mtu.
Mkifika, akaisimika, akaitikisa mara mbili,
akaiegemea kwa tumbo lake la supu na mikate:
"Panda. Mimi niko."

Yeye hakupanda.
Miaka arobaini sikumwona amevuka kipandio cha pili.
Tulidhani ni magoti. Baadaye tukadhani ni adabu.
Ni mkewe, Tinkara, usiku wa mkesha,
akimenya tufaha ambalo hakuna aliyeliomba,
ndiye aliyetoboa siri:
"Aliogopa. Balbu ya jikoni nabadilisha mimi.
Akisimama juu ya kiti tu, jasho."
Tukacheka hadi glasi zikagongana mezani,
kisha tukanyamaza kwa pamoja,
kila mtu amerudi juu ya paa lake,
ametazama chini.

Aliye juu mngoje chini, husemwa,
na wasemao husema kwa kijicho, wakinoa meno.
Huyu alitungoja kweli.
Shingo imepinda, vidole vimekaza,
akituogopea sisi tusiojua kuogopa,
na tuliposhuka na ndoo zimejaa
hakuchukua ila cheri mbili tatu,
zile zilizotobolewa na ndege.

Niungame hapa, maana makaburini nilishindwa:
ngazi iko kwangu.
Niliiazima Novemba, michirizi ya paa imeziba majani.
Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia.
Nikiwa juu nilihisi mtetemo
nikasema, kwa ukali kidogo,
"Ishike vizuri, Vencelj."
"Nimeishika."
Na alikuwa ameishika.
Maradhi ndiyo yaliyokuwa yamemshika yeye.
Nilisema nitairudisha kesho. Ikaja mvua,
ikaja theluji, ikaja gari la hospitali.

Leo asubuhi Bi Zofka amebisha.
Paka yuko juu ya mtufaha,
yule yule, au kilembwe chake, hata yeye hana hakika.
Nikatafuta kofia. Sijui kwa nini kofia.
Nikashika upande wa mbele, ambao kumbe ndio mzito,
miaka yote hiyo ndio mzito,
na Jernej, kijana wa jirani, akashika nyuma.
Nikaisimika. Nikaitikisa mara mbili.
Maneno yale sikuweza kuyasema, nikatikisa kichwa tu
naye akaanza kupanda, akihesabu kwa sauti,
saba, nane,
na mimi chini, uso juu,
vumbi la magome likinimwagikia machoni,
nikaona jinsi mtu alivyo mdogo
akitazamwa kutoka hapa,
na jinsi tawi lilivyo jembamba.