Taa ya Isevya

Wameniletea taa,
imeviringishwa kanga kama mtoto mwenye homa,
juu ya keria ya baiskeli, kutoka Isevya
hadi kibandani kwangu nyuma ya stesheni.
"Fundi Mlekwa, imegoma tangu jana,
na wagonjwa wako kwenye benchi."

Mimi ni wa redio, pasi,
feni zilizokoroma hadi zikakata kauli.
Tiba siijui.
Ila taa hii naijua kwa sifa:
kila Jumanne na Ijumaa mama huifuata,
elfu tatu kwa robo saa,
noti amezifunga kwenye pindo la kanga.

Mwenye taa ni Msabila.
Ukutani kaandika kwa rangi ya mlango: TIBA MWANGA.
Goti. Kiuno. Ganzi. Presha. Kisukari. Usingizi uliopotea.
Na chini kabisa, herufi zimebanana kwa kuwa ukuta uliisha:
huzuni.
Watoto wa shule hupita wakicheka,
maana mwanga ni nuru, na mwanga pia ni yule
achezaye uchi usiku uani kwa watu.
Msabila hucheka nao. Neno hakulifuta.

Bisibisi. Skrubu nne,
ya tano imeliwa na kutu.
Ndani: waya mbili, mjusi mkavu,
swichi iliyoungua ulimi,
na balbu moja nene, nyekundu.
Nikapangusa vumbi kwa kidole gumba.

Taa ya vifaranga.
Ile ile ya duka la pembejeo,
inayoning'inizwa juu ya boksi
ili vifaranga wasife kwa baridi ya Juni.

Chai yangu ikapoa.
Nikapiga hesabu: wiki nane, mara mbili,
elfu arobaini na nane.
Na bado, wiki ya tatu, nilimwona kwa macho yangu
akichuchumaa kung'oa karanga
bila kumwita marehemu mama yake.
Labda ni vile vidonge vya Kitete.
Labda.

Nikabadili swichi, nikaipeleka mwenyewe.
Msabila alikuwa chini, juu ya kigoda,
kisigino cha mama kimelala kiganjani mwake.
"Mwangaluka, mayu," akamwambia,
akamfunika macho kwa kitambaa, akawasha.
Goti likawa jekundu kwa ndani,
kama kiganja cha mtoto kilichofumba tochi.
Hakuna aliyesema kitu.
Kwenye benchi mzee mmoja alikuwa amesinzia, mdomo wazi.

Njiani, polepole, kwa mwendo wa fimbo:
"Mama, ile taa..."
"Ya vifaranga."
Nikasimama. Yeye hakusimama.
"Ada yako ya ufundi ilitoka kwenye mayai, Mlekwa.
Taa ile nisiijue?"
"Sasa unalipia nini?"
Treni ya Mpanda ikapiga honi, akaingoja imalize.
"Joto ni joto. Kifaranga haulizi balbu ya nani."
Kisha, hatua kumi mbele, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Na tangu baba yako aondoke
nani mwingine ameushika mguu huu?"

Nilirudi Isevya jioni na brashi.
Elfu tano ya swichi sikuichukua.
Nikamwambia Msabila: goti liache, kiuno kiache.
Futa kisukari. Futa presha.
Kuna mtu atatupa vidonge vyake kwa ajili ya ukuta huu,
na wewe utamzika.
Alinitazama kwa muda mrefu. Akachovya.

Presha ikazama kwenye chokaa.
Kisukari kikagoma, kikahitaji mikono miwili.
Alipofika chini, kwenye zile herufi zilizobanana,
brashi ikasimama.
"Na hili?"

Kopo lilikuwa nusu.
Nikalifunika.
Nikamwambia rangi imekwisha.